Watakatifu Wanaoshikika kwa Mkono

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Assalamu alaykum.

Nimeanza na salamu zote tatu kwa kuwa nawaona humu ukumbini watu wa kila dhehebu, na mada ya leo inagusa jambo ambalo kila mmoja wetu amelelewa na msimamo wake juu yake, yaani picha za watu watakatifu. Walimu wenzangu, mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka karakana, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa mkekani ili wazee wapate viti, ahsanteni sana.

Naomba kwanza nitoe kitu mfukoni. Huu ni msalaba wa shaba, urefu wake hauzidi kidole changu cha kati. Juu una kikuku cha kupitishia mkufu, na una bawaba juu na chini. Ukichomoa pini unafunguka kama kijitabu, na ndani ni mtupu. Si wa kale. Ulisubiwa Gerezani, Dar es Salaam, wiki tatu zilizopita, na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni vipuri vya pampu. Nilimpelekea picha za misalaba iliyotengenezwa Asia Ndogo, nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 10 na ya 11, nikamwomba anijaribie mmoja. Akachonga kielelezo kwa mti laini, akakishindilia katika mchanga wenye unyevu ndani ya fremu mbili, akakitoa polepole, akayeyusha koki kuukuu za maji, akamimina. Mara ya kwanza shaba iliganda kabla haijafika kwenye mikono ya msalaba. Mara ya pili ikafika.

Alipokuwa anachonga kile kielelezo aliniita. Kwenye picha niliyompa, Bikira Maria amesimama ameinua mikono yote miwili, nguo yake inaonekana mkunjo kwa mkunjo, lakini uso hauna kitu, ni laini kama kokoto ya mtoni. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu mama nimtie macho?" Nikamwambia macho alikuwa nayo, yamefutika kwa kushikwa na kubusiwa miaka mingi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tumwache hivyo hivyo." Ndivyo alivyo hapa mkononi mwangu, na uso huo uliofutika ndio ulionileta mbele yenu.

Ukitaja sanaa ya Bizanti, ile dola ya Kikristo iliyotawala Asia Ndogo, vitabu vingi vitakuonyesha dhahabu: mozaiki, yaani picha za vijiwe vya rangi, za Ravenna, kuta za kanisa la Hagia Sofia, mavazi ya makaizari yaliyojaa lulu. Ni kazi nzuri mno na sina nia ya kuzipunguzia hata chembe. Lakini mkulima wa Kapadokia wa karne ya 10 hakuwa na njia ya kumgusa mtakatifu wa mozaiki aliyekaa juu kabisa kwenye kuba la kanisa la mjini. Aliyeweza kumgusa ni mtakatifu wa shaba, kifuani mwake, na wakati mwingine hata kwenye mfuko wa fedha. Naamini kwa moyo wote kwamba tukitaka kujua watu wale waliishi vipi na watakatifu wao, tuanzie kwenye shaba.

Niwakumbushe kwa ufupi ni akina nani. Jina la Wabizanti walipachikwa na wanazuoni wa Ulaya baadaye sana. Wenyewe walijiita Warumi. Mji wao mkuu ulikuwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, uliozinduliwa mwaka 330 na kutekwa na Waturuki wa Uthmani mwaka 1453. Lugha yao ilikuwa Kigiriki. Waislamu mlio humu mnawafahamu, ndio Warumi wa Surat ar-Rum katika Qurani. Na Waswahili kwa jumla tumewataja tangu zamani: Chuo cha Herekali, utenzi ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, naye ndiye Heraclius, kaizari aliyetawala kuanzia 610 hadi 641. Kwa hiyo nisije nikadhaniwa nimewaletea habari za watu ambao lugha yetu haijawahi kuwasikia.

Na neno lenyewe shaba. Kiswahili chetu kinaliacha neno hili moja libebe mambo mengi: shaba tupu inayotoka mgodini, shaba iliyochanganywa na bati ikawa ngumu, na shaba iliyochanganywa na zinki ikawa ya manjano. Wanakemia watataka kuzitenganisha. Mafundi wa Bizanti walichanganya kilichopatikana, tena mara nyingi walitia risasi ili shaba iteremke vizuri katika kalibu, kwa hiyo mimi leo nitasema shaba tu, kama anavyosema fundi wangu.

Turudi kwenye msalaba. Misalaba ya namna hii imepatikana kwa wingi Asia Ndogo na nchi za Balkani, mingine ndani ya makaburi, ikiwa bado juu ya kifua cha marehemu. Ilivaliwa shingoni chini ya nguo. Ule uwazi wa ndani ulikuwa wa kuwekea masalia: kibanzi cha mti, udongo kutoka mahali patakatifu, kipande cha mfupa wa shahidi. Tajiri alitengenezewa wa dhahabu wenye rangi za enameli. Huu wa shaba, fundi akishapata kalibu yake, anatoa mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata wake.

Upande mmoja kuna Kristo msalabani. Mtazame vizuri, maana hafanani na yule tuliyemzoea kwenye picha za ukutani. Amevaa kanzu ndefu isiyo na mikono, imefika vifundoni, amesimama wima, na macho yamefumbuka. Juu ya kichwa chake kuna jua na mwezi. Chini ya mkono mmoja amesimama Mama yake, chini ya mwingine mwanafunzi Yohana, na pembeni yao yamechorwa maneno machache ya Kigiriki yaliyofupishwa mpaka basi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Ni maneno ya Injili ya Yohana, sura ya 19: "Mama, tazama, mwanao," na "Tazama, mama yako." Mwanamke wa kijijini aliyevaa msalaba huu, hata kama hakujua kusoma, alibeba kifuani sauti ya mtu anayekufa huku akipanga nani atamtunza mama yake.

Ugeuze. Upande wa pili ni huyu Mama, Mzazi wa Mungu, ameinua mikono kuomba. Kwenye ncha nne za msalaba, ndani ya vijiduara, wamo Wainjili wanne, wadogo kiasi kwamba kila mmoja ni kichwa na mabega tu. Misalaba mingine badala ya Maria ina Mtakatifu Georgi, au Stefano mwenye chetezo mkononi, au Nikola. Mingine haikusubiwa na sura. Fundi alisubu msalaba mtupu kisha akachora mtakatifu kwa ncha ya chuma, mistari michache, macho mawili ya duara, jina pembeni. Na jina mara nyingi limekosewa herufi.

Hapo kwenye herufi naomba nikae kidogo. Wako wanaozitazama kazi hizi wakaziita duni kwa sababu ya makosa ya tahajia. Mimi nikiona jina la Georgi limeandikwa vile mtu anavyolitamka sokoni, nafurahi sana. Inamaanisha aliyelichora alikuwa fundi wa mtaani aliyelijua jina kwa masikio yake, kwa kulisikia kanisani na kumwita mwanawe kwa jina hilo. Mwandishi wa ikulu asingekosea. Sasa niambieni, nani kati yao anatusogeza karibu zaidi na watu wenyewe?

Kuna sala moja inayorudiwa kwenye vitu vya Bizanti vya kila aina, pete, mihuri, misalaba: "Bwana, msaidie mtumishi wako," halafu jina la mwenye kitu. Hakuna zaidi. Watu ambao historia haikuwaandika popote pengine, wapo hapo kwa jina moja.

Nitasema sasa neno ambalo baadhi yenu mtalishtukia, nalo ni hirizi. Msalaba uliofungiwa kitu kitakatifu ndani, unavaliwa chini ya nguo, unalinda safarini na wakati wa kujifungua. Sisi tuliokulia pwani tunakijua kitu cha namna hiyo. Na kweli, kabla ya misalaba hii, katika karne ya 5 hadi ya 7, watu wa Siria na Palestina walivaa vidani vya shaba vyenye mpanda farasi mtakatifu anayemchoma mkuki jini wa kike aliyelala chini ya kwato. Kuzunguka picha kuna maneno ya Kigiriki: "Mungu ni mmoja, ashindaye maovu." Kanisa lilikemea mambo ya uganga mara kwa mara, na kule kukemea mara kwa mara kunatuonyesha kwamba watu hawakuacha. Mimi siwahukumu. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku wa manane hasubiri mtaguso, yaani baraza la maaskofu, umwambie mpaka kati ya sala na kinga uko wapi.

Lakini mtaguso ulikuja, na hoja ilikuwa nzito, kwa hiyo ngoja niizungumze kwa heshima yake.

Mnaijua habari ya nyoka wa shaba. Musa aliamriwa kumtengeneza, na aliyeumwa akimtazama alipona. Iko katika Hesabu 21. Lakini fungueni pia Wafalme wa Pili 18, mstari wa 4: mfalme Hezekia alimvunja nyoka yule yule vipande vipande kwa kuwa Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ile ile, amri ya Mungu mwanzoni, chukizo mwishoni. Wabizanti waliisoma habari hii na wakagawanyika. Tangu mwanzoni mwa karne ya 8, chini ya kaizari Leo wa 3, serikali ilianza kuziondoa picha takatifu. Mgogoro ukaenda kwa awamu mbili kwa zaidi ya miaka 100, watu wakafukuzwa, wakafungwa, picha zikafutwa kwa chokaa. Mtetezi hodari wa picha alikuwa Yohane wa Damasko, aliyeandika akiwa Palestina, chini ya utawala wa Waislamu, mahali ambapo mkono wa kaizari haukumfikia. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba yeye haabudu maada. Anamwabudu Muumba wa maada, ambaye kwa ajili yake alifanyika maada akakaa ndani ya maada. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ukatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili kinayatenganisha vizuri sana: heshima na ibada. Picha inapewa heshima, na heshima ile inaupita mchoro na kumwendea aliyechorwa. Ibada ni ya Mungu peke yake. Awamu ya pili ya mgogoro ikaisha mwaka 843, malkia Theodora alipozirudisha picha, na mpaka leo Waorthodoksi wa dunia nzima, wakiwamo ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, wanaiadhimisha siku hiyo kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Mtu anaweza kukubali hoja hiyo au kuikataa, na humu ndani wapo wa pande zote. Ninachotaka mafundi mkione ni kile ambacho mgogoro ule uliacha kwenye kazi za mikono. Sanamu za kusimama peke yake, za kuzungukwa pande zote, ni nadra sana Wabizanti kuwafanyia watakatifu wao. Mtakatifu wa shaba wa Bizanti karibu daima ni bapa: ameinuka kidogo tu kutoka kwenye bamba, au amechorwa ndani ya bamba. Fundi mwenye uwezo wa kusubu farasi mzima akajifunga kwa hiari kwenye unene wa ukucha. Na ndani ya kufunga huko wakatengeneza kitu ambacho mimi nikikiona nakosa la kusema. Nazungumzia milango.

Sisi ni watu wa milango. Aliyefika Mji Mkongwe wa Zanzibar ameona mlango uliochongwa nakshi, njumu za shaba zimepigiliwa kwa safu, na juu kwenye kizingiti aya ya Qurani pamoja na mwaka. Mlango unasema mwenye nyumba ni nani kabla hajatoka kukukaribisha. Basi shikeni picha hiyo, twende Italia ya kusini katika karne ya 11.

Amalfi ulikuwa mji mdogo wa pwani wenye wafanyabiashara wakubwa, na wafanyabiashara hao walikuwa na mtaa wao kabisa Konstantinopoli. Mmoja wao aliitwa Pantaleone. Karibu na mwaka 1060 aliagiza kutoka Konstantinopoli milango ya shaba kwa ajili ya kanisa kuu la mji wake. Bado ipo. Sehemu kubwa ya mabamba ina misalaba tu, lakini katikati yapo manne yenye watu: Kristo, Maria, Petro, na Andrea ambaye kanisa lile ni lake. Mwaka 1065 Desiderius, abate, yaani mkuu, wa monasteri ya Montecassino, alifika Amalfi, akaiona, akaitamani. Akatuma vipimo Konstantinopoli naye afanyiwe ya kwake, na mwaka 1066 ikawa tayari, Mauro wa ukoo ule ule akigharimia. Mwandishi wa habari za monasteri ile anasimulia jambo ambalo kila seremala humu atalielewa: abate alituma vipimo vya kanisa la zamani, halafu baadaye akaamua kulijenga kanisa upya, kubwa zaidi, na milango ikawa mifupi.

Kisha ikaja ya Roma, kwa kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mwaka 1070. Hii ina mabamba 54. Fundi wa kusubu ameacha jina lake, Staurakios. Wamo manabii na maneno yao, yamo matukio ya maisha ya Kristo, na wamo mitume, kila mmoja na namna alivyokufa. Katika bamba moja Pantaleone mwenyewe anaonekana ameinama miguuni pa Kristo.

Sasa mafundi, nisikilizeni ilivyofanywa, maana ndipo utamu ulipo. Mlango wenyewe ni mbao nzito. Juu ya mbao yamepigiliwa mabamba ya shaba, na viungo vyake vimefunikwa kwa fito za shaba. Mchoraji anachora mtakatifu juu ya bamba kwa kukwangua mifereji myembamba kwa tindo: mkunjo wa nguo, ukingo wa kitabu, ncha ya ndevu. Kila mfereji unapanuliwa kidogo chini kuliko juu. Kisha unachukuliwa uzi wa fedha, unalazwa ndani ya mfereji, unagongwa kwa nyundo ndogo mpaka fedha inajaa na kubanwa na kingo za shaba. Hakuna gundi. Kwa Kiswahili tunalo neno la kazi hii, kutia njumu, na wafua fedha wa pwani waliifanya kwenye mipini ya majambia. Uso, viganja na nyayo havikuwa uzi. Hivyo vilikatwa kwenye bamba jembamba la fedha, vikapachikwa, na juu yake macho na pua vikachorwa na kujazwa mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa, unaoyeyushwa ukaganda mweusi tititi.

Fikirini mlango huo ukiwa mpya. Shaba imesuguliwa inang'aa kama jua la saa kumi na moja jioni. Juu yake watu wamechorwa kwa mistari ya fedha, na kutoka ndani ya ule mng'ao wa manjano nyuso nyeupe zinakutazama kwa macho meusi. Mtu anapita na mshumaa, uzi wa fedha unacheza. Hakuna sanamu hapo, hakuna kitu kilichotokeza hata kidogo cha kumkwaza aliyelisoma katazo la sanamu ya kuchonga. Ni mwanga uliolazwa ndani ya shaba.

Na leo? Nyingi ya zile nyuso hazipo. Fedha ni fedha, watu waliing'oa. Kanisa la Mtakatifu Paulo liliungua Julai 1823, na milango iliumia vibaya. Imekarabatiwa katika karne ya 20 na sasa imewekwa upande wa ndani wa Mlango Mtakatifu wa kanisa hilo. Ukisogea karibu na bamba lililopoteza fedha yake, unaona mavazi kamili, kitabu kamili, na mahali pa uso pana shimo la kina kidogo lenye umbo la uso. Fundi wangu alipoona picha hiyo alisema inafanana na yule Mama wetu wa msalabani. Nikamwambia kuna tofauti, mmoja ameibiwa uso, mwingine ameutoa kidogo kidogo kwa waliompenda. Ile ya Montecassino yaliipata mengine: monasteri ilipigwa mabomu Februari 1944, na milango ikaharibiwa pamoja nayo.

Nimewaahidi mfuko wa fedha, na hapo nitapita haraka. Neno letu fulusi limetoka Kiarabu, fulusi kwa maana ya sarafu za shaba, umoja wake falsi, na Kiarabu kililichukua kutoka kwa follis, sarafu ya shaba ya Bizanti. Miaka mingi sarafu hiyo ilikuwa na sura ya kaizari. Yohane Tzimiskes, aliyetawala 969 hadi 976, akaondoa sura ya kaizari na jina lake kabisa kwenye shaba. Upande mmoja akaweka Kristo ameshika Injili, na upande wa pili maandishi matupu: "Yesu Kristo, Mfalme wa wafalme." Sarafu za namna hiyo, zisizo na jina la mtawala, ziliendelea kupigwa mpaka mageuzi ya fedha ya Alexios Komnenos mwaka 1092. Baadaye mjukuu wake Manuel alimweka Mtakatifu Georgi kwenye shaba ndogo. Mnunuzi wa vitunguu alimkabidhi muuzaji uso wa Kristo, akarudishiwa chenji yenye uso wa Kristo. Masultani wa Kilwa nao, walipopiga fulusi zao za shaba, waliandika jina la sultani na tamko la kumtegemea Mungu, bila uso wa mtu yeyote. Neno moja, madini yale yale, na kila upande ukaandika imani yake kwenye kitu kidogo kinachopita mikono mingi kuliko vyote.

Kwa nini basi vitu hivi ni vichache kuliko vilivyokuwa? Kwa sababu shaba haina mwisho. Kitambaa kinaoza, mti unaliwa na mchwa, lakini shaba inaitwa kazini upya. Aprili 1204 wanajeshi wa vita vya msalaba kutoka Ulaya magharibi, Wakristo kwa Wakristo, waliiteka Konstantinopoli na kuipora. Niketas Choniates, aliyekuwa ofisa wa serikali pale na aliyeyaona kwa macho yake, ameandika orodha ya sanamu za kale za shaba zilizopelekwa kwenye tanuri zikawa sarafu. Farasi wanne waliepuka moto na wakapelekwa Venice. Nikiisoma orodha ile moyo unaniuma kama wa mtu aliyesoma majina ya jamaa. Na baada ya hapo kila vita, kila mzinga uliohitaji kusubiwa, kila kengele, vilikula shaba ya zamani. Hata koki alizoyeyusha fundi wangu, nani ajuaye shaba yake imewahi kuwa nini.

Misalaba midogo ilipona zaidi kwa sababu ilikuwa midogo, na kwa sababu ilizikwa na wenyewe. Na namna yake ilisafiri. Watu wa Kiev walipopokea ubatizo mwaka 988 walipokea na msalaba huu wenye bawaba, wakajifunza kuusubu. Ikoni, yaani picha takatifu, ndogo za shaba ziliendelea kusubiwa Urusi kwa karne nyingi baada ya Konstantinopoli kuanguka, hasa na wale walioitwa Waumini wa Kale, Wakristo wa huko walioshikilia ibada za zamani.

Namalizia kwa mlango mmoja zaidi, ambao niliuruka makusudi.

Huko Monte Sant'Angelo, kusini mwa Italia, juu mlimani, kuna kanisa lililo ndani ya pango, la Malaika Mkuu Mikaeli. Ngazi zinakushusha ndani ya mwamba, na mwisho wa ngazi unakuta milango aliyoitoa Pantaleone mwaka 1076. Mabamba 24, na karibu yote ni habari za malaika: malaika na Yakobo, malaika na wale vijana watatu katika tanuri la moto, malaika akimtoa Petro gerezani, Mikaeli akimtokea askofu wa Siponto usingizini. Juu ya mlango huo Pantaleone ameandikisha ombi kwa Kilatini. Hakuomba aombewe tu. Anasema anawaomba na kuwaapisha wasimamizi wa kanisa la Malaika Mikaeli wawe wanaisafisha milango hii mara moja kwa mwaka, kama yeye na watu wake walivyowaonyesha, ili daima iwe inang'aa na angavu.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Mtu ametuma shehena kutoka Konstantinopoli, ameivusha bahari, ameipandisha mlimani. Halafu, kabla hajaondoka, amewakusanya wasimamizi, amechukua kitambaa, amewaonyesha: hivi. Nilimweleza fundi wangu. Swali lake likawa lile lile ambalo bibi yangu angeuliza: walitumia nini? Sisi tunatumia ndimu na majivu, au ukwaju. Maandishi ya Pantaleone hayasemi. Yanasema tu, kama tulivyowaonyesha.

Msalaba huu naanza kuupitisha kuanzia safu ya mkekani. Msiogope kuushika usoni.